Mkwe Halali Chunguni

Wauguzi wapya, mmeniomba niwaandikie habari za kliniki yetu ya kisukari kabla sijaanza kuzisahau. Mmechelewa kidogo. Tangu nistaafu, usingizi wa mchana unanijia bila hodi hapa barazani kwangu Ipuli, na nikizinduka sina hakika kama jambo nililoliona niliwahi kuliona kazini au nimeliota sasa hivi. Kwa hiyo yapokeeni kama yalivyo. Nilipandishwa cheo lini na mshahara wangu ulikuwaje, hayo yamo kwenye faili langu, na mnajua wenyewe faili likitafutwa pale linavyopatikana.

Siku yangu ya kwanza sikukuta mashine yoyote. Nilikuta chumba chenye dirisha moja, benchi mbili ndefu, na Mama Salma. Huyu ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa kliniki, wa ukoo wa Waarabu wa mjini waliofanya biashara hapa Tabora tangu enzi za misafara. Alikuwa mwanamke mfupi, mtandio mweupe, viatu visivyotoa sauti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza jina.

"Naitwa Nyamizi."

"Haya Nyamizi, pokea huyu." Akanikabidhi bomba la sindano la kioo, limetoka kuchemshwa, bado lina mvuke. "Huyu anaitwa Bwana Harusi. Ukimwangusha, harusi imevunjika."

Nikajisemea moyoni, mama huyu ana lake. Lakini nililishika lile bomba kwa mikono miwili, na kwa miaka yote tuliyotumia mabomba ya kioo sikuvunja hata moja. Wenzangu waliopewa bomba tu, bila jina, walivunja.

Wakati huo mkojo ndio uliosema. Tulikuwa na dawa ya rangi ya samawati. Unaitia kwenye neli ya kioo, unadondoshea mkojo matone machache, unaipitisha juu ya moto wa spiriti na kusubiri. Ikibaki samawati, heri. Ikigeuka kijani, angalia. Ikienda njano, ikaenda chungwa, ikafika wekundu wa tofali, basi mgonjwa amekula asichoambiwa, au hakuchoma sindano, au yote mawili. Neli hiyo Mama Salma aliiita Kinyonga. Asubuhi jua likiingia kwa lile dirisha moja, neli sita zikiwa zimesimama kwenye kibao, wagonjwa walinyamaza wote kuzitazama zikibadilika. Mpaka leo nikifumba macho naziona rangi zile, na sijui kwa nini hunipa raha, maana nyingine zilikuwa habari mbaya kabisa.

Mama Salma alikuwa na hoja yake kuhusu majina. Alidai babu wa babu yake alifuatana na misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiipa mizigo yao majina. Mzigo wenye jina unaweza kuusema, ukautukana, ukaubembeleza, na miezi ya njiani ikapita. "Mgonjwa wa sukari naye ni mpagazi," aliniambia. "Ila yeye hakuna mahali atafika akautua. Basi mpe wa kuzungumza naye njiani." Kama habari ya wapagazi ni kweli, sijui. Waliobeba ni babu zangu mimi, na hawakuniachia neno lolote kuhusu jambo hilo.

Nimeiota mara nyingi hiyo njia yake. Naona mstari mrefu wa watu wanaikata mbuga, wagonjwa wangu wote, kila mmoja na kimzigo kidogo kichwani, wanaita majina na majina yanaitika. Siku hizi ndoto hiyo inanijia zaidi.

Kisha zikaja mashine ndogo za kupimia damu. Unatoboa kidole, unagusisha damu kwenye kijiti, mashine inakupa namba. Mama Salma aliziona mwaka mmoja tu, akastaafu, akaniachia kliniki na tabia yake. Nikawa kila mgonjwa nikimpa mashine namwambia, "Haya, mpe jina." Jina naliandika kwa penseli nyuma ya kadi. Bi Zuwena wa mjini aliiita yake Mdaku, maana kila akila halua kwenye harusi za watu, kesho yake Mdaku anaeleza. Mzee Pazi, Mzaramo aliyestaafu reli, alikitazama kisindano cha kutobolea kidole akasema, "Huyu ni Mnyamwezi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Damu yangu anaitoa kila siku na hajawahi kusema pole."

Huyo alikuwa mtani wetu, na mtani hashitakiwi. Nikamwambia siku akifa nitajilaza kaburini mwake nizuie mazishi. Benchi zima likacheka.

Msidhani ulikuwa mchezo mtupu. Mtu mwenye mashine isiyo na jina huisahau nyumbani. Mwenye Mdaku huja naye kliniki amemfunga vizuri, anakwambia, "Sista, Mdaku tangu juzi hasemi vizuri," nawe unajua betri imekwisha. Kwa njia hiyo niliziokoa mashine nyingi, na baadhi ya wenye mashine.

Sasa nifike kwa Kalunde.

Aliletwa na bibi yake, Bibi Nyanzala, kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Sikonge, huko kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki. Mama wa mtoto alishafariki, hivyo walikuwa wawili tu nyumbani. Mtoto ana miaka tisa, amekonda, anakunywa maji kama mchanga, na bibi alishaona sisimizi wakijaa mahali alipokojoa. Hakuhitaji daktari wa kumwambia kuna sukari. Alihitaji wa kumwambia kwamba sindano ile ni ya kila siku, maisha yote. Nikamwambia. Akauliza, "Na siku akikosa?"

"Siku moja ataugua. Siku kadhaa atakufa, Bibi."

Sikumficha. Nanyi msiwafiche.

Bibi Nyanzala hakujua kusoma, lakini namba alizijua sana kwa sababu ya mizani ya tumbaku. Hapo nikashukuru. Kwake hakuna umeme, kwa hiyo nikamfundisha kuhifadhi insulini chunguni: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kitambaa kibichi juu. Hilo alilielewa kabla sijamaliza. Kilichomshinda ni mpangilio, kipi kinatangulia, maana kuchoma insulini bila kupima ni kutembea gizani.

Ndipo nikapata wazo langu zuri. Nikaishika mashine. "Bibi, huyu ni Kulwa." Nikaishika chupa ya insulini. "Na huyu ni Doto. Ni mapacha. Nani anatangulia kuzaliwa?"

"Kulwa," akajibu Kalunde, kabla ya bibi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Basi Kulwa asipotangulia, Doto hatoki."

Bibi Nyanzala akapiga makofi. "Eee! Sasa umesema kitu ninachokijua." Huku kwetu mapacha si jambo dogo, nani asiyejua? Wakaondoka wanarudiarudia, Kulwa, Doto, Kulwa, Doto, mpaka nje ya geti. Nikajisifu. Nisiwadanganye, nilijisifu siku nzima, na nikamwandikia Mama Salma barua.

Walirudi mara mbili na namba nzuri. Mtoto akanenepa mashavu. Mara ya tatu hawakuja siku yao. Walikuja siku nyingine, mchana wa saa nane, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata mbwa hawabweki. Bodaboda ikaingia mpaka mlangoni. Bibi alikuwa amemfunga Kalunde kifuani kwake kwa khanga, kichwa kinaning'inia. Mtoto anavuta pumzi ndefu, za haraka, utadhani anakimbia, na kinywa kinanukia matunda yaliyoiva sana. Ile harufu ukishaijua huihitaji mashine. Tukapima hata hivyo, na mashine yetu haikutoa namba, iliandika tu kwamba sukari imezidi uwezo wake.

"Haiwezekani!" Bibi alilia. Akaitoa Kulwa kifuani, imefutwa vizuri. "Kulwa amesema sukari imeshuka! Siku tatu anasema imeshuka! Nikampa mtoto uji wenye sukari kama ulivyonifundisha, nikamzuia Doto. Sista, nimefanya ulivyosema!"

Tulimwekea maji ya mshipa, tukaanza insulini, daktari akabaki hapohapo. Nikaichukua ile Kulwa, nikaigeuza. Ndani ya kioo chake kulikuwa na ukungu wa maji. Nikamwomba Bibi vijiti vya kupimia. Akafungua pindo la khanga, akanipa, vimelala kimoja juu ya kingine, vimevimba kwa unyevu.

"Bibi, vijiti hivi vilikuwa na kichupa chake chenye kifuniko."

"Kichupa hakikuingia chunguni."

"Na viliingia chunguni kufanya nini?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Sista, wewe mwenyewe umeniambia ni mapacha. Joto lilipozidi, Doto analala kwenye baridi, Kulwa nimlaze juu huko chini ya bati? Ukimnunulia Kulwa gauni, Doto naye gauni. Ukimwogesha mmoja, unamwogesha na mwenzake. Ukiwabagua, mmoja anaugua. Hujui? Si wewe ni Mnyamwezi?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumkaripia. Ukabaki wazi. Nilijua. Kila mtoto wa huku anajua. Mama yangu mwenyewe alikuwa pacha, na walishonewa magauni ya kitambaa kimoja mpaka siku walipoolewa. Nilimpa mwanamke yule mapacha, naye akawalea kama mapacha wanavyolelewa, na malezi hayo yaliharibu vijiti, vijiti vikadanganya, na mjukuu wake amelala pale anavuta zile pumzi. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa hivyo kazini. Nilikuwa naomba Mungu na papo hapo naona aibu kumwomba.

Daktari naye aliposikia alinivuta pembeni. Hakupaza sauti. "Sista, acheni hizi hadithi. Mashine ni mashine." Kesho yake nilichukua ufutio nikapitia kadi zote, nikafuta majina kwa mkono wangu. Mdaku, Hakimu, Karani, Mnyamwezi, wote. Vumbi la ufutio likajaa meza. Mzee Pazi alipokuja akageuza kadi yake, akaona pamefutwa, akaniuliza taratibu, "Mnyamwezi amefariki?" Kliniki ilikaa kimya wiki ile, na watu watatu walisahau mashine nyumbani.

Kalunde alifumbua macho asubuhi ya siku ya tatu. Mvua ya kwanza ilikuwa inagonga bati, na nadhani alidhani yuko kwao.

"Kulwa yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna Kulwa, mama," nikamwambia. "Ile ni mashine tu." Akageukia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa nikawapa mashine nyingine na vijiti vipya. Nikamweleza Bibi polepole: insulini chunguni, mashine na vijiti kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na chungu. Akaitikia, "Ndiyo, Sista. Ndiyo, Sista." Mtakapokaa kazini mtaijua ndiyo ile. Ni ya mtu anayekuheshimu na hakusikii. Nikarudia, akaitikia vilevile. Nilikuwa natazama ile safari ya Sikonge, barabara ya vumbi ambayo sasa imekuwa tope, na nikajua kwamba kosa hili likirudiwa, mtoto hatafika kwangu tena. Na sikuwa na neno la kumpa, maana maneno yangu nilikuwa nimeyafuta.

Bibi Nyanzala alifika mlangoni, akasimama. Akarudi.

"Sista, nikuulize. Lile kosa lilikuwa langu au lako?"

Benchi lote likasikiliza. "Langu, Bibi," nikasema. "Ni mimi niliyesema ni mapacha."

"Haya. Basi udugu wao ndio haukusemwa vizuri. Hawa si mapacha." Akaweka kikapu chini. Akaionyesha chupa ya insulini. "Huyu wa chunguni ni mama mkwe." Akaionyesha mashine. "Na huyu ni mkwe."

Kicheko kikaanza nyuma kwa akina mama, kikaja mpaka mbele. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Akimwona njiani, mkwe anaiacha njia. Hali naye, hakai naye kitanda kimoja. Hilo hata mtoto wa miaka tisa analijua.

"Na mkwe analala wapi, Bibi?" nikauliza.

"Toba! Mkwe halali chunguni!" Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu. "Mkwe ana nyumba yake, kavu, ana mlango unaofungwa. Akitaka jambo anakuja, anabisha hodi, anasema habari zake akiwa nje. Mama mkwe akishasikia habari ndipo anajua atoke au abaki ndani."

Kupima kwanza, insulini baadaye, insulini kwenye ubaridi, vijiti kwenye ukavu, kifuniko kifungwe. Somo lote lilikuwa humo, na si mimi niliyelifundisha. Nikakaa kwenye kiti nikalia mbele za watu. Kalunde akaja akanishika bega, akasema, "Usilie Sista, mkwe huyu ana adabu."

Siku hiyohiyo nilichukua penseli. Majina nikayarudisha yote, daktari akaona, akaguna, akapita. Miezi michache baadaye nilimkuta ameandika kwenye mashine ya ofisini kwake, kwa kalamu ya wino: Mkaguzi.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue, mengine mnaweza kuyaacha. Mpeni mgonjwa jina, au bora zaidi, mwacheni ampe yeye. Lakini akishasema ni nani, msimwache aondoke. Muulizeni, huyu analala wapi? Anaoga na nani? Ana ndugu gani humo ndani? Jina linaingia nyumbani kwa mtu na kufuata sheria za nyumba hiyo, na sheria hizo wewe hukuzisomea.

Miaka ikapita jinsi inavyopita Tabora, mvua, kiangazi, mvua. Mzee Pazi alifariki, na nilikwenda nikajilaza kaburini kweli, nikadai haki ya utani mpaka wanawe wakacheka na machozi machoni. Walimzika na kile kisindano kando yake. Ikaja kalamu ya insulini, ambayo Bi Zuwena aliiita Mhashamu kwa sababu ya kofia yake. Kalunde alimaliza shule, akajifunza kushona, akawa anakuja mwenyewe na basi. Kila mara niliuliza, "Mkwe hajambo?" naye, "Hajambo, Sista, na mama mkwe anakusalimu."

Mwaka huu, mwezi mmoja tu baada ya kuagwa kazini, nilialikwa Sikonge. Kalunde anaolewa na fundi baiskeli, kijana mpole wa Kimoraviani mwenye mikono mikubwa. Nikafika asubuhi. "Mwangaluka, Bibi," nikamsalimu Bibi Nyanzala, ambaye sasa amepinda kabisa na anamtambua mtu kwa sauti.

Nilikuwa nimebeba maneno tangu mjini. Nilimwinamia. "Bibi, kuna jambo sikukuomba msamaha sawasawa. Lile la chungu."

"Chungu kipi?" akasema. "Ngoja, wanaondoka."

Bibi harusi alitoka na shela, na juu ya shela kichwani amejitwika kile chungu kidogo, kitambaa kibichi juu yake. Amekataa mtu mwingine akibebe. Bwana harusi naye alikuwa na kopo kavu amelifunga nyuma ya baiskeli yake. Akasogea ili aongozane na mkewe, loo! Akina mama wakapaza sauti mara moja: "Rudi nyuma, wewe! Umebeba mkwe! Mkaribie mama mkwe uone!" Kijana wa watu akarudi nyuma hatua ishirini, anasukuma baiskeli, anacheka kwa haya. Wakaondoka hivyo kwenye ile njia ya vumbi, Kalunde mbele na chungu chake, shingo imenyooka, mumewe nyuma, wakaingia kwenye miombo. Nilifumba macho nikafumbua. Walikuwepo bado, haikuwa ndoto. Mtoto niliyekaribia kumwua alikuwa anakwenda kwake, mzima.

Bibi Nyanzala alisikiliza mpaka vigelegele vilipokwisha, kisha akapapasa hewani akaupata mkono wangu.

"Na wewe, Sista," akasema, "wewe unalala wapi?"

Nikasema kuna basi la saa kumi.

"Achana na basi. Chumba cha Kalunde kiko wazi. Ni kikavu."

Basi nikalala.